Nilipoulizwa Mimi ni Nani

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu! Naomba mniruhusu niongee nikiwa nimekaa, hii dawa hunilegeza miguu.

Mimi ni Akinyi, mwalimu wa nasari. Wakati wa vita vya baada ya uchaguzi, nyumba yetu kule Kapseret ilichomwa, tukakimbia mimi na mama, tukaishi kwa hema. Kulipotulia tukapanga chumba hapa Eldoret, nikarudi kufundisha. Hapo ndipo nilianza kupotea.

Ndugu zangu, sikupotea njia. Nilijipoteza mimi mwenyewe! Nikiandika ubaoni, naona mkono unaandika, lakini siamini ni mimi ninayeandika. Wazo likinijia, naona kama limewekwa na mtu. Mama akasema, "Ni mshtuko wa vita, utaisha." Haukuisha. Hata nikipiga magoti, nilisikia mtu mwingine akiomba kwa mdomo wangu. Sasa nimlilie Mungu kwa sauti ya nani?

Nikaletwa hapa mbele ya kanisa. Mhubiri mgeni alinishika kichwa, akauliza kwa nguvu, "Wewe ni nani?" Nikajibu ukweli: "Sijui." Watu wakapiga kelele, wakidhani pepo amejibu! Akauliza tena na tena. Nilichoka, nikalala sakafuni.

Mama Chebet wa hapa kanisani akaja akaketi kando yangu. Mnakumbuka siku zile baada ya vita, wenyeji wa huku kama yeye na sisi tuliotoka upande wa ziwa tulisalimiana kwa mbali. Akaniuliza, "Akinyi, umekula?"

"Sijui ni nani anasikia njaa, Mama."

"Basi wacha nimlishe huyo anayesikia."

Akanilisha viazi kwa mkono wake. Jumatatu akatupeleka hospitali, mimi na mama.

Daktari alinibandika nyaya kichwani kuhakikisha si kifafa, kisha akatueleza polepole: mtu akiongea au akiwaza, ubongo wake humjulisha kwamba hicho ni chake. Kwangu ile habari ilikuwa haifiki vizuri. Ugonjwa unaitwa skizofrenia, na ulikuwa ndio unaanza. Mama alilia. Mimi nilishusha pumzi. Kumbe una jina!

Dawa haikufanya kazi upesi. Ilininenepesha, ikanilaza mchana. Mpaka asubuhi moja naosha vyombo, maji baridi yakaniuma vidole, nikapaza sauti, "Mama, nasikia baridi! Ni mimi!" Mama Chebet alikuwa ametuletea maziwa; alicheka huku akilia, akakaa chini pale pale mlangoni.

Ndugu zangu, siku zingine hali hurudi, na nimechoka, siwafichi. Dawa sijaacha, na msiniambie niache. Namshukuru Mungu kwa daktari, na kwa wale waliokaa na mimi bila kunipigia kelele.

Na wewe uliye hapo nyuma, usiyejua hata ni nani anayeomba ndani yako, omba tu. Mungu anamjua. Kesho niko na kliniki, twende pamoja.