Sahani Moja ya Sengu

Sogeeni, wanangu. Urban kaa huku, Othmar huku, na simu hizo zimeni, maana pumzi iliyobaki haitoshi kurudia neno.

Shamba la kahawa ni lenu wote, na ngoro za mteremkoni, yale mashimo ya mahindi na maharage, ni zenu wote, mimi sikati mpaka. Mkitaka kukata, kateni nikishalala kando ya mama yenu Mektilda, nisisikie. Vitabu vyangu vya chuo mpeni mwalimu atakayevisoma, visije vikafungiwa karanga sokoni Mbinga.

Miaka yote ya ukufunzi niliwafundisha walimu habari za wanafalsafa wa malezi. Yupo aliyesema mtoto hujifunza kwa kutenda, yupo aliyesema hufika mbali akishikwa mkono na aliyemtangulia, na yupo aliyeandika namna ya kulea huku watoto wake mwenyewe akiwapeleka kwenye nyumba ya yatima. Huyo darasa zima tulimcheka. Nami kila nikiwasoma nilisema, jamani, mbona hii ni sengu ya babu yenu! Pale uani kwake kijijini Ukata wanaume na wavulana wa ukoo tulikula sahani moja, na walionuniana hawakumega tonge mpaka wapatane, na sisi wadogo humo humo tukajifunza kulima, kusema na kunyamaza.

Loo, kinyozi hajinyoi! Walimu wangu wamejaa mpaka Lituhi, wanalea watoto wa watu, na wanangu mimi hawasalimiani tangu Othmar alipong'oa miche ya kaka yake mpakani mwa viwanja vyao. Hata mama yenu mlimzika mkiwa mmesimama pande mbili za kaburi! Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Jembe nimelishika mpaka mikono imekufa, kapu sijaliona. Inaniuma, wanangu. Nakufa nimeshindwa.

Nimemwomba Hedwiga, mke wa Urban, atutengee ugali na dagaa wa ziwani katika sahani moja. Hilo ndilo agizo langu. Mazishi fanyeni mtakavyo. Naweni. Mungu aliyenipa ninyi awape... awape watoto wanaopatana, awafungulie...

Macho yameingia giza. Nani amemega? Urban?

Othmar, wewe ndiye mdogo, anza wewe.

Mega, mwanangu. Ugali unapoa.