Privatus Ruhumuliza na Fahali wa Nyakahura

Tarehe 30 Juni 1980 Mzee Privatus Ruhumuliza anafunga dirisha lake katika ofisi ya fedha ya wilaya, Biharamulo, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Dirisha hilo lilifunguliwa saa moja na nusu kamili, iwe mvua, iwe jua. Hakuna aliyewahi kuazimwa kalamu yake, nami, karani mwenzake niliyeomba mara nne, ni shahidi.

Alianza kazi Ngara mwaka 1953, kijana wa Mbuba mwenye mwandiko mzuri na baiskeli mbovu. Mwaka 1967, noti za zamani zilipokuwa zikiipisha fedha ya Benki Kuu yetu, alizunguka na baiskeli hiyo hadi Kabanga akiwaelimisha watu. Bibi mmoja alitaka kujua huyo Gavana aliyetia saini kwenye noti mpya ni mtoto wa nani. Privatus alikiri kwamba hajui. Bibi akabadilisha noti zake zote, akisema angalau karani huyu hasemi uongo.

Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, maofisa wa ununuzi walifika mnadani Nyakahura kutafuta ng'ombe wa kulisha jeshi, Privatus akiwa mlipaji wao. Wafugaji waligoma kimyakimya. Walisema serikali ikiwa vitani huchapa noti, na karatasi haikamuliwi. Privatus hakuhutubia. Mnada uliofuata alikuja na fahali wake mwenyewe, aliyemtenga kwa mahari ya mwanawe Audax, akamuuza wa kwanza kwa noti zilezile. Mama Marsiana Niragira akafuata na ng'ombe wawili, na kufikia jioni zizi lilikuwa limejaa.

Tusifiche yaliyofuata. Bei zilipanda. Noti za Privatus ni halali mpaka leo, ila hazinunui hata nusu ya fahali, na Audax bado hajaoa. Benki Kuu iliyoanza kwa kutubadilishia noti sasa inabebeshwa gharama za vijiji na za vita. Kama mzigo huo unaifaa, wenye elimu watatueleza. Mzee wetu hajawahi kulalamika, jambo linalotuuma zaidi.

Mwezi uliopita tulimuuliza angependa zawadi gani. Mtu aliyetusihi miaka yote tuamini noti aliangalia mlango, akashusha sauti, akaomba tusimpe bahasha. Akaomba fahali. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Tulichanga, tukaenda Nyakahura. Aliyekuwa na fahali wa kufaa ni Mama Marsiana, ambaye naye alipata hasara katika mnada ule. Alikataa noti, akataka mabati. Aliposikia fahali ni wa kumpa nani, alizipokea noti zetu na kuzifunga kwenye pindo la khanga bila kuzihesabu.

Asante, Mzee Privatus. Fahali amefungwa nyuma ya ofisi, anakusubiri. Uwe na siha njema, zizi lako lijae, na Audax aoe kabla bei hazijapanda tena.