Majalada Elfu Kumi na Mbili na Kiberiti cha Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, karibu. Umepanda mlima wa Ipogolo hadi kwetu masijala ya ardhi, mahali ambapo wakubwa hupita tu wakitafuta choo. Leo tumewekewa hadi turubai na soda. Tumefurahi, ila kidogo.

Tulikotoka

Tunatunza majalada elfu kumi na mbili ya mashamba, yote yameandikwa kwa mkono. Makarani wa zamani hawakupanga kwa namba. Walipanga kwa kijiji, kisha kwa jirani unayepakana naye. Anayeujua mpango huo ni Gwakisa, karani wetu wa miaka thelathini. Mtajie jirani yako, atakuletea jalada kabla hujakaa vizuri.

Mafanikio

Mwaka huu walikuja wataalamu wa kuhamishia karatasi kwenye kompyuta, wamevaa glavu nyeupe kama wanaokwenda kupasua mgonjwa. Wiki sita walipiga picha kila ukurasa. Tunawapongeza: hata alama za vidole vyenye mafuta ya maandazi zinaonekana. Ila mashine yao inasoma herufi za chapa tu. Mwandiko wa mkono inauona kama mikwaruzo ya kuku. Ukitafuta jina la mtu, hupati kitu. Ukitafuta IMEPOKELEWA, neno la kwenye mhuri wetu, yanakuja majalada yote elfu kumi na mbili kwa mpigo. Kasi hiyo hatujawahi kuiona.

Changamoto

Juma lililopita alifika mama Apolonia Kalinga, mkulima wa Idodi. Jumatatu ijayo anasimama mbele ya baraza la ardhi. Jirani yake, Philbert, ameng'oa minyaa ya mpakani na kulima hadi miguuni pa kaburi la mumewe. Mchoro wa mpaka umo kwenye jalada, na kwingine haupo.

"Kamwene, mwanangu. Naomba jalada langu."

Mtaalamu akabofya. "Mama, mfumo unasema wewe hupo."

"Mimi?"

"Ndiyo, mama. Hujaonekana."

Apolonia akavuta kiti. "Basi mwambie huyo mfumo namsubiri hapa hapa. Na wewe niitie Gwakisa."

Gwakisa alikuwa amekatazwa kugusa karatasi, maana zilishapigwa picha, zikaitwa taka za kuchomwa kwenye sherehe hii ya leo. Mama akatoka mikono mitupu. Uani alisimama mbele ya lundo la majalada, lile ambalo ratiba inasema utaliwasha saa sita. Alijua lake limo humo. Hakulia. Aliuliza tu kama Iringa siku hizi kuna baridi ya kiasi hicho.

Maombi

Kwanza, kiberiti kilicho kwenye sinia kisiguswe. Ukiona aibu mbele ya kamera, washa tu: tangu jana mchana lile lundo ni magunzi na magazeti, juu tumetandaza majalada matupu. Karatasi zenyewe tumezirudisha kwenye rafu. Usiulize nani alianza. Tulibeba wote.

Pili, wataalamu warudi, wavue glavu, wakae na Gwakisa. Kila picha iandikiwe jina la mwenye shamba na la jirani yake. Gwakisa anastaafu Desemba.

Tatu, mama Apolonia amekaa safu ya tatu, mwenye kitenge cha kijani. Hajui kama jalada lake limepatikana. Ni hilo lililo mezani, mbele yako. Tunaomba umkabidhi kwa mkono wako, sasa hivi, huku Philbert akiona. Yupo safu ya nyuma, alikuja kushuhudia moto.

Mungu akurudishe salama kwako, na akuzidishie subira ya kuwasikiliza watu wadogo.

Ni sisi, watumishi wa masijala ya ardhi.
Imesomwa na Shufaa Selemani, kwa niaba ya wenzake.