Damu ya Yasmine

Benchi yetu iko kwenye kona pale mtaa wa Hewa Bora, karibu na kibanda cha Djafari, fundi viatu. Asubuhi ile hakufungua kazi. Alitoka hospitali, akakaa kati yetu na kikombe cha kahawa mkononi, asinywe. Binti yake, Yasmine, alikuwa amelazwa kwa homa ya uti wa mgongo, mara ya pili katika maisha yake.

— Docteur anasema nini? aliuliza Dédé Pistoni, fundi wa magari.

— Anasema mu damu kuko bintu bidogo sana, binatembeya kutafuta mikrobe. Ngozi ya mikrobe haifanane na ya mwili yetu. Bikiigusa, binaijua, binaibambata, binaita bingine. Bya mwisho njo binaitoboa, inakufa. Bile bya kutoboa, Yasmine hana.

— Sawa moteur bila bougie, haitoe moto! Bamutiye damu yangu, miye niko hapa.

— Hapana, alisema Kalenga Radio, ambaye hana kazi ila kusikiliza habari. Ni vumbi ya mine, kule banachimba mabwe. Inafunika mikrobe, damu haiijue tena.

— Mikrobe inavaa koti? aliuliza Pistoni.

— Inavaa! Kuko zenye kuiba hata sura ya muntu, zinajifanya batoto ba nyumba.

— Basi damu inaweza kukosea, itoboe mutoto mwenyewe!

Djafari aligonga kikombe kwenye benchi, kahawa ikamwagika.

— Munyamaze! Ni mutoto yangu.

Pistoni akaifuta kwa kitambaa chake. Mama mmoja, Albertine, mgeni mtaani, alikuwa amesimama na kiatu kilichokatika.

— Pole, Baba Yasmine. Ile kukosa, ni tangu kuzaliwa?

— Docteur anasema ni tangu mu tumbo ya mama yake.

— Na kama iko na mudogo je? Banamupima?

 Hakuna aliyewahi kuuliza kama mdogo wake naye amezaliwa na kasoro hiyo. Djafari akampigia simu mama yake mzazi, aliyebaki nyumbani na Sudi, mdogo wake Yasmine.

— Sudi iko wapi?

— Iko analala. Homa inamushika. Anasema mwangaza inamuumiza macho.

Djafari alisimama: Yasmine naye alianza hivyo hivyo. Pistoni alikuwa ameshawasha gari.

Hospitalini Sudi alichomwa sindano palepale. Docteur alitwambia tumewahi. Jioni Yasmine alifumbua macho, akamwona mdogo wake kwenye kitanda cha pembeni, akanyoosha mkono taratibu, akamsogezea mto wake.