Kasiano Astaafu, Meza ya Mipira Yabaki

Meza ya kutengenezea mipira ya milango ya magari haitafungwa. Nazario Baranyizigiye, meneja wa usafiri wa ushirika wetu wa mbegu na dawa za mifugo, aliwatangazia hivyo mafundi wa karakana ya Gitega asubuhi ya Jumatatu, tarehe 24 Juni 2024. Alisema sentensi mbili, akabandika karatasi ukutani, akarudi ofisini. Jumapili hii, tarehe 30 Juni, fundi aliyeianzisha meza hiyo, Kasiano Bigirindavyi, anastaafu baada ya miaka kumi na tisa na miezi minne ya kazi. Uamuzi wa meneja ulitokana na vitambaa vitano vyeupe, kimoja kikiwa na doa.

Kasiano alizaliwa Giteranyi, mkoani Muyinga, mwaka 1964. Alivuka mpaka akiwa na miaka minane, akakulia Tanzania, na ufundi wa magari akaupata Kasulu, kwenye karakana iliyokuwa na turubai mahali pa paa. Mwaka 2004 alirudi na mkewe Dorotea, watoto wanne na sanduku moja la vifaa. Shamba la baba yake alikuta linalimwa na wengine. Wazee wa kilima, kama kijiji kinavyoitwa huku, waliwakalisha pamoja, wakapima, wakagawa. Nusu aliyopewa ilitosha kulima lakini haikutosha kulisha watu sita, na ndiyo sababu tarehe 1 Machi 2005 alifika kwenye karakana yetu ya Muyinga mjini kuomba kazi. Barua ya ajira inamtaja kama fundi msaidizi. Neno mpira halimo.

Mipira iliingia katika mwezi wake wa pili kazini. Ushirika ulikuwa unaandaa sherehe ya kuwapokea wanachama waliorudi kutoka makambini, na magari matatu yalitakiwa yang'ae. Madereva wa wakati ule walikuwa na desturi yao: bampa likififia, lipake mawese. Kasiano, ambaye hakutaka kuonekana mgeni mbishi, alipaka magari yote matatu, na kwa kuwa ni mtu wa kumaliza kazi, akapaka pia mipira ya ndani ya milango. Siku ya sherehe yaling'aa kweli. Baada ya hotuba yaliegeshwa ubavuni mwa ghala la maharage.

Kulipokucha, panya walikuwa wamekula mipira. Zuberi, dereva wetu mwenye asili ya Gitega mjini, ndiye aliyefungua mlango wa kwanza. Bado anasimulia: "Mi nafungua hivi, mpira inabaki ku mkono, kama utumbo wa mbuzi. Nikasema bon, gari imekufa." Hakuna aliyejua nani alipaka nini. Kasiano alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa karakana, akasema ni yeye. Kisha akachukua kipande kimoja cha mpira uliotafunwa, urefu wa kiganja, akakipigilia ukutani juu ya mahali alipofanyia kazi. Alipohamishiwa Gitega mwaka 2011 alikuja nacho. Kipo hadi leo, na alama za meno zinaonekana.

Baada ya hapo alianza kuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelijibu pale karakana: kwa nini plastiki nyeusi ya nje ya gari hugeuka kijivu, na mpira wa mlango hukauka na kupasuka kama kisigino? Alipata bampa lililovunjika, akalikata vipande kumi na viwili, akavipigilia kwenye ubao na kuupandisha juu ya paa la karakana ya Muyinga. Kila kipande kilipakwa kitu tofauti. Ubao wa pili, wenye vipande vilevile, aliutuma Gitega, kwa hoja kwamba jua la Gitega huenda si la Muyinga. Kila mwisho wa mwezi alipanda ngazi na daftari.

Daftari hilo tumelisoma. Mawese: vumbi siku ya nne, sisimizi siku ya tano. Oili chafu ya injini: weusi wa wiki mbili, halafu mpira uliokuwa jirani ukavimba na kulainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mafuta ya taa: kung'aa siku moja, mpasuko mwezi wa tatu. Kipande kilichopitishiwa joto la moto kilirudia weusi wa kiwandani ndani ya dakika moja, na Kasiano aliandika kwa herufi kubwa kwamba jambo hili linashangaza. Joto huyaita juu mafuta yaliyobaki ndani ya plastiki yenyewe. Mstari unaofuata unasema kiangazi cha pili kipande kilikuwa kijivu tena, na kwamba ukikawia sekunde chache moto hupinda bampa. Kuhusu dawa ya viatu kuna neno moja tu: "Inahama."

Neno hilo lilipata ushahidi baadaye. Mwaka 2013 mwenzetu mmoja aliazima gari la ushirika kwa harusi ya dada yake, akalipaka dawa ya viatu bila kumwambia Kasiano. Shangazi wa bibi harusi, aliyevaa imvutano nyeupe, vazi la sherehe la wanawake, aliegemea mlango wakati akisubiri picha. Alipogeuka alikuwa na mstari mweusi kutoka bega hadi nyonga. Picha zote za familia zilipigwa naye akitazama mbele.

Jibu lililobaki baada ya ubao wa miaka mitatu halikuwa la ajabu. Sabuni, maji ya uvuguvugu, mswaki wa meno, kukausha kivulini. Msasa mwembamba kwa plastiki iliyochoka sana. Kwa mipira, gliserini, ile inayouzwa kwa ajili ya ngozi. Duka la Mwajuma, karibu na soko la Gitega, lilimuuzia chupa tatu kila wiki kwa miezi kadhaa kabla mwenye duka hajauliza. Mwajuma alikuwa ameshawaambia majirani: "Huyu mzee bibi yake iko na ngozi ya mtoto mchanga. Angalieni waume zenu, hata chupa moja hawaleti." Dorotea alipopita siku moja kununua chumvi, wanawake watatu walitoka kumtazama. Anasema hakujua sababu mpaka aliporudi nyumbani na kumuuliza mumewe.

Ushirika ulielewa thamani ya kazi hii kwa njia ngumu. Mvua za mwaka 2009 ziliingia kupitia mlango wa nyuma wa gari, na gunia la mbegu za maharage likafika Mutaho likiwa limechipua. Wakulima walilipokea kwa heshima, wakauliza kama nalo linahitaji kumwagiliwa. Tangu Kasiano apewe meza yake Gitega, mwaka 2012, rekodi za ghala la Mutaho hazionyeshi gunia jingine lililolowa. Kipimo chake ni rahisi. Hupaka chaki kwenye mpira, hufunga mlango, hufungua, kisha hutazama alama iliyobaki kwenye bodi. Chaki isipoacha alama mahali fulani, hapo ndipo maji yatakapopita.

Alikuwa na mazoea mengine mawili. Nyuma ya kila mpira alioufunga aliandika herufi ya jina lake na mwaka, na akataka kila fundi afanye vivyo hivyo. Na hakuna aliyebandua mpira wa mwenzake bila kumuuliza kwanza. Jambo hili halikuandikwa popote, lakini mafundi wapya walilijua kabla ya kujua choo kiko wapi.

Mwezi Machi mwaka huu ofisi iliamua kwamba meza ifungwe Kasiano atakapoondoka. Mipira mipya ingeagizwa nje, hata kama husafiri miezi miwili, na Raissa Kaneza, fundi aliyefanya kazi naye kwenye meza hiyo kwa miaka saba, angehamishiwa kwenye matairi. Hoja ya Nazario ilikuwa fupi: hakuna aliyewahi kuona kazi ya Raissa ambayo Kasiano hakuipitia. Kasiano hakubisha. Aliomba lifanyike jaribio.

Nazario aliweka masharti. Lichukuliwe gari namba 7, kongwe kuliko yote. Raissa alitengeneze peke yake, bampa, vifuniko vya matairi na milango mitano ukihesabu wa nyuma. Kasiano asiguse kitu wala asiulizwe lolote. Kila mlango uwekewe kitambaa cheupe kwa ndani, chini ya mpira, na gari liende Giteranyi na kurudi katika vumbi jekundu la Juni. Kitambaa chochote kikirudi chekundu, meza ifungwe.

Kazi ilichukua siku tisa. Kasiano alikaa kwenye kigoda, mikono mfukoni. Siku ya tatu Raissa aliweka mswaki chini. "Mzee, macho yako inanisukuma mkono," alisema. "Enda unywe chai." Alikwenda. Muuza chai anasema alikunywa vikombe vinne siku hiyo na kila baada ya kikombe aliuliza saa.

Kisha gari lilisubiri mafuta, yaliyokuwa adimu, kituoni kwa wiki moja, likiwa safi kabisa, madereva wengine wakiuliza kama linauzwa. Jumatano tarehe 19 Juni Zuberi aliliondoa Gitega. Hadi Muyinga ni lami. Baada ya hapo, anaeleza, alifuata lori la mihogo kwa makusudi. "Niliweza kumpita. Sikumpita. Mtanzania anataka vumbi, nikamuletea vumbi." Mtanzania ni Kasiano; Zuberi amemwita hivyo tangu 2005, na Kasiano humwita Zuberi Bwana Mawese.

Gari lilirudi Alhamisi mchana, jekundu hadi kwenye kioo. Nazario alifungua milango mwenyewe. Kitambaa cha kwanza kilikuwa cheupe. Cha pili, cha tatu, na cha mlango wa nyuma vilikuwa vyeupe. Cha tano, mlango wa abiria wa kushoto, kilikuwa na doa la udongo lenye ukubwa wa kizibo cha soda. Nazario alikikunja, akasema sharti ni sharti. Raissa alianza kukusanya vifaa vyake.

Kasiano aliomba kuutazama mlango. Jaribio lilikuwa limekwisha, kwa hiyo hakuna aliyemkataza. Alipaka chaki, akafunga, akafungua. Kwenye kona ya chini chaki haikuacha alama. Aliingiza kucha, akabandua kona ya mpira kidogo, akausoma mgongo wake. Halafu akamwita Nazario asome naye. Paliandikwa "K 2019".

Mipira mingine yote Raissa alikuwa ameibandua, ameilainisha au kuibadilisha, na kuifunga upya. Huo mmoja aliuosha tu na kuupaka gliserini juu. Nazario alimuuliza kwa nini. Raissa alijibu akimtazama Kasiano: "Hiyo ilikuwa yako, Mzee. Na ilikatazwa kukuuliza, donc sikuweza kuibandua."

Kasiano alimwambia meneja, mbele ya mafundi tisa: "Kazi iliyovuja ni yangu. Yake haikuvuja. Kosa lake ni kuniheshimu mahali pasipotakiwa heshima, na hilo nilimfundisha mimi." Zuberi alisema kwa miaka kumi na tisa ameisubiri siku ya Mtanzania kuvuja. Raissa ndiye aliyeanza kucheka.

Nazario alivikusanya vitambaa, akaenda navyo ofisini. Alichukua siku nne, akavitazama upya vitambaa vyote na, kwa taarifa za ofisini kwake, akaupima mlango kwa chaki mara mbili yeye mwenyewe. Karatasi aliyoibandika Jumatatu ina mambo mawili. Meza ya mipira inabaki, chini ya Raissa Kaneza. Na kuanzia sasa, fundi aliye mezani ana ruhusa ya kubandua mpira wa mtu yeyote, aliyepo au aliyeondoka. Jambo la pili liliombwa na Kasiano.

Anarudi Giteranyi, kwenye ile nusu ya shamba. Dorotea ametangulia kupanda vitunguu. Anasema majirani wamekwisha kuleta baiskeli tatu zenye matandiko yaliyopasuka, na mwenye tandiko lililobaki zima anauliza kama linaweza kufanywa jeusi. Ubao wa vipande kumi na viwili anauacha Gitega, pamoja na daftari, ambalo kurasa zake sita za mwisho hazijaandikwa.

Kwa mbegu zilizofika kavu, kwa ngazi alizopanda kila mwisho wa mwezi, na kwa kumwita meneja asome mgongo wa mpira wakati angeweza kunyamaza, wenzake wa Gitega na Muyinga wanamshukuru Kasiano Bigirindavyi. Wanamtakia yeye na Dorotea afya, mvua za wakati wake, na miaka mingi ya amani nyumbani.

Gari namba 7 litarudi mezani Alhamisi, tarehe 4 Julai, saa nne asubuhi. Raissa ataubandua mpira wa mlango wa kushoto na kufunga mwingine wenye maandishi "R 2024". Ule wa zamani utapigiliwa ukutani, kando ya kile kipande chenye meno ya panya. Kasiano amealikwa kama mgeni. Kigoda chake kimetengwa, na ameahidi mikono itabaki mfukoni.