Gazeti Lisilokunjwa: Maisha ya Mzee Zachary Wabwile, 1943–2009

Mzee Zachary Wabwile alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 kijijini Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, akiwa mtoto wa tatu katika nyumba ya wakulima. Mama yake alipenda kusimulia kwamba, kabla mwanawe hajajua kusoma, alikuwa akiokota karatasi zilizofungiwa sukari na kuzipapasa kwa kidole, akitaka kujua zinasema nini.

Alisoma papo hapo Mabanga hadi darasa la nane, mwaka wa 1959. Baba yake alipofariki, masomo yalikatika, lakini kusoma hakukukatika.

Mwaka wa 1966 alihamia Kitale akaanza kuuza magazeti kwenye veranda ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikaa hapo miaka arobaini. Kila gazeti alilisoma yeye kwanza, kisha akalikunja vizuri hata usijue limeguswa. Mteja aliruhusiwa kusoma akiwa amesimama, mradi asilambe kidole kufungua kurasa. Yeye mwenyewe alikilamba, na sisi watu wa nyumbani tulionywa tusiseme. Leo tumesema.

Tarehe 18 Desemba 1971 alimwoa Dinah Nasike wa Kiminini. Mama Dinah hakuwahi kupelekwa shule. Kila siku saa kumi jioni, chai ikishamiminwa, Mzee alimsomea gazeti kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo, na Mama akabishana na kila habari. Mara nyingi Mzee alijaribu kumfundisha herufi. Mama alikuwa na jibu moja: "Si wewe uko? Mimi nisome ya nini?"

Mwaka wa 2006 ugonjwa wa kisukari uliingia machoni. Herufi za gazeti zilimpotea moja moja, akaacha veranda yake na kurudi nyumbani Mabanga. Chai ya saa kumi ikanywewa kimya. Hakulalamika, ila alimwambia mwanawe Derrick jambo lililomnyima raha: "Mimi naenda, na mama yenu nitamwacha bila mtu wa kumsomea. Nimeuza gazeti miaka yote hiyo, na bibi yangu hajui kusoma hata jina lake." Aliona aibu, na alisema hivyo waziwazi.

Desemba 2008, binti yake Nelima alikuja likizo kutoka Marekani na kifaa cha kusomea, chembamba kuliko kibao cha kukatia mboga. Alimwambia vitabu zaidi ya mia mbili vimo humo ndani, na magazeti pia. Mzee alikigeuza akatazama mgongoni, akakipima uzito kwa kiganja, akakinusa. Kisha akalamba kidole na kukiburuta juu ya kioo. Ukurasa haukusonga.

"Baba, si hivyo, bonyeza hapa pembeni," Derrick alimwambia.

Alibonyeza. Ukurasa ukaja. Nelima akakuza herufi, akazikuza tena, mpaka Mzee akasoma sentensi nzima kwa sauti baada ya miaka miwili. "Mungu wangu," alisema, "mtu ametengeneza hii." Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Kesho yake alikivisha jalada la gazeti kuukuu, kama tulivyovisha madaftari ya shule, akikata dirisha mahali pa kioo. Rafiki yake wa miaka mingi, Mzee Ngige wa Saboti, alipokuja kumjulia hali alitikisa kichwa. "Zachary, hii kitu ingekuja mapema ingekumaliza kazi. Na watu watafungia nini nyama?"

"Wacha inimalize, bana," Mzee alijibu. "Mimi sikuwa nauza karatasi. Nilikuwa nauza kusoma."

Kila Jumamosi Derrick alikipeleka saiba, duka la intaneti mjini, kukijaza habari za Kiswahili alizotuma Nelima. Mzee alizikuza herufi hadi neno moja likajaza kioo, akamwita Mama Dinah aketi karibu. Safari hii Mama hakujibu lile jibu lake. Alimtazama mumewe alivyokonda, akaketi. Walianza na D.

Kisukari kilipoingia kwenye figo na kumzidi, Mzee alilazwa hospitalini Kitale mwezi wa Agosti. Macho hayakuona tena hata herufi kubwa. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 14 Agosti 2009, Mama Dinah alikishika kile kifaa akamsomea habari za bei ya mahindi, neno kwa neno, akikosea na kurudia. Mzee alisema, "Endelea." Mama aliendelea mpaka mwisho wa ukurasa, na alipoinua macho mumewe alikuwa amekwenda.

Ameacha mjane wake, Mama Dinah Nasike, watoto watatu, Nelima, Derrick na Ian, wajukuu saba, na veranda moja Kitale ambako watu bado wanauliza habari zake.

Sisi wengine tumefika mwisho wetu hapa. Mstari unaofuata tumeuchapa kwa herufi kubwa, maana Mama Dinah ameomba ausome mwenyewe.

ZACHARY, NIMESOMA. SASA PUMZIKA KWA AMANI.