Fundi Dastani Aacha Lori la Maji Likiwaka

Nyinyi mliofanya kazi gereji yetu ya Newala mkahamia Mtwara na Dar es Salaam, mna roho ngumu. Mmekula ugali wangu miaka yote, mkaondoka mmeshiba, na hakuna aliyerudi hata kutoa shikamoo. Mpaka mtu astaafu ndipo mnaonekana. Haya, kaeni. Nimepewa mimi, mpishi wenu, nafasi ya kumwelezea mwenzetu, na nitamwelezea kama alivyo.

Fundi Dastani, Baba Oliva, ametumikia gereji hii miaka thelathini na minne, na anastaafu tarehe 31 Julai 2025. Mzaliwa wa Kitangari huyu. Umeme wa magari alijifunza Masasi kwa marehemu Fundi Suleimani, aliyemfukuza kwa ubishi kisha akamfuata nyumbani kumrudisha, maana mkono wake ulikuwa mwepesi.

Magari yaliyompitia ni mengi. Kuna pikapu moja ya misheni aliyoifunga nyaya upya, dereva akibonyeza honi, waipa zinafuta kioo. Padri alipokuja kulalamika, Baba Oliva akamjibu kwamba kwa vumbi la barabara ya Nanganga mtu anahitaji waipa kuliko honi. Baadaye akairekebisha kimyakimya. Kukosea alikosea, ila kukiri hakukuwemo kwenye kazi zake.

Lakini kazi yake hasa ni lile lori kuukuu la Bedford linalopeleka maji Kitangari. Msimu mmoja wa kupulizia mikorosho dawa ya unga, dereva wetu Fortunatus alipakia mifuko ya salfa ya shemeji yake mle kwenye kabini, kwa sababu nyuma kote ni tangi. Mfuko ukapasuka. Unga ukaingia kwenye swichi ya ufunguo, shaba ikawa nyeusi kama sufuria yangu, ukizungusha ufunguo lori kimya. Baba Oliva akaing'oa swichi, akawa analiwasha kwa kugusanisha nyaya chini ya usukani. Nyaya zipi, hakumwambia mtu. Kila asubuhi anaitwa, anakuja taratibu kama bwana harusi, na sisi tunamngoja. Alifurahia. Asisimame mtu hapa leo akasema hakufurahia.

Mwaka huu wakubwa wakasema lori linalowashwa na mtu mmoja tu, akiondoka yeye, litauzwa vyuma chakavu. Dominika, mwenyekiti wa kamati ya maji Kitangari, akapanda gari mpaka hapa gereji. Hakusalimia.

"Baba Oliva, ukistaafu na hizo nyaya kichwani, dada yako atarudi kuchota bondeni. Na mimi nyuma yake."

Baba Oliva akajitetea kwamba lori lenyewe bovu.

"Lori zima," Dominika akamwambia. "Bovu ni wewe."

Siku hiyo chakula changu hakukigusa, nikajua limemwingia.

Akanunua swichi mpya, akazing'oa nyaya zote za zamani. Duka la Masasi lilikuwa na waya wa rangi nyekundu tu, kwa hiyo akaomba kanga yangu iliyochakaa, akaichana, kila waya akaufunga kitambaa cha rangi yake: wa betri kijani, wa stata manjano, wa taa cheupe. Taa, honi na waipa akazipa kila moja fyuzi yake, moja ikiungua zisilale zote. Swichi akaivika mpira wa tyubu ya baiskeli, salfa isipate njia. Halafu akamwita Flora, fundi anayeshika nafasi yake, akamwambia azifungue zote na kuzifunga tena mwenyewe. Baba Oliva alikuwa amesimama mikono nyuma. Mikono ilitii, mdomo ulimshinda.

Wa kuwasha aliitwa Dominika, ambaye hajawahi kukaa nyuma ya usukani. Akazungusha ufunguo. Taa nyekundu ikawaka, stata ikalia, injini ikashika. Baba Oliva alikuwa kule getini, mbali, ili asije mtu akasema amesaidia.

Kesho yake alifika kwa mwendo wake uleule wa bwana harusi, akakuta pale lori linapolala pako wazi. Lilikwishaondoka. Alikaa jikoni kwangu akaomba chai, nikampa.

Baba Oliva, ulikuwa na kitu cha kukufanya utafutwe mpaka kufa, na umekigawa ukiwa bado mzima. Mbishi ni wewe, na asante ni yako. Nenda kwenu Kitangari ukalale mpaka jua liwe kali, Mungu akupe goti lisilouma na wajukuu wanaokushinda kwa maneno.

Na nyinyi wengine, mkija tena kumwona Kitangari, msimbebee dumu la maji kama wageni wa huku wanavyofanya. Maji yapo. Leteni sukari.